Hewa Nyepesi na Rekodi za Mexico City

Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1968 ilifanyika Mexico City, mji ulioko kiasi cha mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Matokeo yake yalikuwa ya ajabu. Katika mita 100, Jim Hines wa Marekani alitumia sekunde 9.95, mwenzake Lee Evans alimaliza mita 400 kwa sekunde 43.86, naye Bob Beamon aliruka chini mita 8.90, akaipita rekodi ya mita 8.35 kwa sentimita 55. Matokeo yote matatu yaliingia katika orodha ya rekodi za dunia. Lakini Naftali Temu wa Kenya alishinda mita 10,000 kwa dakika 29 na sekunde 27.4, ilhali rekodi ya Ron Clarke wa Australia, ya mwaka 1965, ilikuwa dakika 27 na sekunde 39.4. Clarke mwenyewe alimaliza wa sita, kisha akazirai. Yawezekanaje hewa ile ile imfae mmoja na kumlemea mwingine?

Hewa ina uzito. Kadiri tupandavyo mlima, hewa iliyobaki juu yetu hupungua, na kanieneo yake hupungua pia. Pwani, kanieneo hiyo huinua zebaki milimita 760. Mexico City, kiasi cha milimita 580 tu. Ieleweke kwamba sehemu ya oksijeni katika hewa haibadiliki: ni asilimia 21 huko kama ilivyo Dar es Salaam. Kinachopungua ni idadi ya molekuli katika kila lita, na msukumo wa kuipitisha oksijeni kutoka mapafuni hadi kwenye damu.

Mkimbiaji wa mita 100 hutumia zaidi nguvu iliyokwisha kuhifadhiwa katika misuli. Mbio zake huisha kabla upungufu wa oksijeni haujamdhuru. Adui yake ni ukinzani wa hewa, ambao huongezeka kwa mraba wa mwendokasi na hupungua hewa inapokuwa nyepesi. Kwa hiyo yeye hupata faida. Mkimbiaji wa mita 10,000 hutegemea oksijeni avutayo karibu muda wote wa mbio. Hasara yake huizidi faida hiyo ndogo.

Mwili ukikaa nyanda za juu kwa majuma kadhaa, huongeza chembechembe nyekundu za damu, ambazo hubeba oksijeni. Temu na Kipchoge Keino, aliyeshinda mita 1,500, walitoka nyanda za juu za Kenya. Hata hivyo tusiharakishe kudai kwamba mahali pa kuzaliwa ndipo palipoamua kila kitu: katika mita 5,000, Mohammed Gammoudi wa Tunisia aliwashinda wote wawili.

Tahadhari hiyo inamhusu Beamon pia. Wepesi wa hewa huongeza sentimita chache tu katika kuruka chini. Siku ile upepo uliovuma nyuma yake ulipimwa mita 2.0 kwa sekunde, kiwango cha juu kabisa kinachoruhusiwa. Hata tukijumlisha yote mawili, bado sehemu kubwa ya mruko ule ilikuwa kazi ya Beamon mwenyewe. Mwaka 1991 Mike Powell aliruka mita 8.95 mjini Tokyo, karibu na usawa wa bahari.

Hapa pana suala la haki katika upimaji. Upepo ukizidi kiwango, rekodi hukataliwa. Lakini mwinuko hauna kikomo. Matokeo yaliyopatikana juu ya mita 1,000 hutiwa tu alama ya herufi A katika orodha za takwimu. Wanafunzi wanaweza kuujadili utaratibu huo darasani: je, mwinuko nao uwekewe kikomo? Na kama ndivyo, wanariadha wanaoishi na kushindana nyanda za juu watatendewaje?