Kwa Nini Zabibu Dodoma, Si Musoma? (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia kwenye udongo wa mbuga wa Bunda, ule mweusi unaonata miguuni masika na kupasuka nyufa kiangazi. Leo tunajibu swali ambalo wakulima wa Mara huuliza: kama Dodoma inalima zabibu za mvinyo, sisi tunakosa nini?

Mwinuko tunao. Musoma iko takribani mita 1,140 juu ya usawa wa bahari, na Dodoma haipishani nayo sana. Tunachokosa ni kiangazi kirefu. Dodoma hupata milimita 500 hadi 600 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, kisha mbingu hufunga kwa miezi mingi. Ulaya mzabibu hulazwa na baridi kali. Dodoma hakuna baridi hiyo, hivyo mkulima huuamsha mwenyewe kwa kupogoa. Chipukizi jipya ndilo linalobeba maua. Ndiyo sababu wenzetu wa Makutupora na Bihawana huvuna mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa mwaka na tena mnamo Agosti na Septemba. Zabibu za kiangazi huivia juani, na sukari yake haichujuki kwa maji ya mvua.

Sasa tazama kwetu. Musoma na Butiama zina vuli na masika, na Ziwa Victoria hutuletea unyevu na ngurumo hata nje ya misimu hiyo. Zabibu iliyokaribia kuiva ikinyeshewa, hufyonza maji hadi ganda likapasuka. Kichala kikiwa kimebanana, upepo haupenyi katikati. Ukungu huanzia humo ndani, na mkulima huugundua matunda yakiwa tayari yameoza. Dawa zipo, lakini kupuliza kila baada ya mvua ni gharama inayomaliza faida.

Kiangazi chetu cha Juni hadi Agosti ni kifupi, ila kinaitosha pamba ya Bunda kufunua vitumba bila kuloa, na mtama kukaukia shambani. Kwa hiyo anayetaka kinywaji cha ardhi hii aanze na mtama na ulezi, nafaka ambazo wazee wetu wamezifanyia kimea miaka yote. Huko ndiko ningepeleka mtaji wangu, si kwenye miche ya mizabibu.

Sehemu ya tatu itahusu muhogo wa Majita na ugonjwa wa batobato.