Kabati la Kukinga Kompyuta

Mwaka 1836 Michael Faraday, mtaalamu wa Kiingereza, alijenga huko London chumba chepesi cha mbao, kila upande futi 12, akakizungushia nyaya za shaba na karatasi ya bati. Kikatiwa umeme kwa nje hata cheche zikaruka. Naye alikuwa ndani na vipimo vyake, wala havikuonyesha kitu, kwani umeme hukaa juu ya uso wa madini.

Kwa kanuni hiyo hutengenezwa makabati ya kukinga kompyuta na mawimbi ya umeme yawezayo kuharibu hesabu zake. Lakini kinga haimo katika unene wa bati tu. Ufa mrefu mlangoni, ujapokuwa mwembamba kama uzi, hupitisha mawimbi. Na waya mmoja uingiao bila chujio huyabeba mpaka ndani. Ndiyo maana ukingo wa mlango huwekewa utepe wa madini ubanao pande zote. Ufa usipozibwa, kabati zima ni bure.