Waya wa Umeme Haupigi Muziki

Haipiti wiki bila mtu kuniuliza: fundi, ninunue waya gani wa umeme ili amplifaya yangu itoe besi nzito? Hakuna. Ningeishia hapo, ila naona nyaya nene kama bomba la maji zikiuzwa kwa bei ya spika.

Muuzaji atakwambia waya wake "unasafisha umeme". Muziki wenyewe haupiti humo. Kinachopita ni umeme wa volti 230 unaozunguka mara 50 kwa sekunde, nao ukiingia ndani ya amplifaya haubaki ulivyo: transfoma inaushusha, dayodi zinaugeuza uende upande mmoja, kapasita zinautuliza. Spika inalishwa na kilichotoka huko.

Tupige hesabu. Waya wa kawaida wa mita moja na nusu, wenye shaba ya milimita 1 ya mraba, una ukinzani wa kama omu 0.05, kwenda na kurudi. Amplifaya ikivuta ampea 1, na hapo jirani wameshaanza kulalamika, unapoteza volti 0.05 kati ya 230. Waya uliofukiwa ukutani, wa milimita 2.5, ukitembea mita 20 kutoka kwenye mita hadi kwenye soketi, ukinzani wake ni kama mara tano ya huo. Huo hujaugusa, wala wa nguzoni. Sasa hicho kipande cha mwisho kinarekebisha nini?

"Lakini nimesikia tofauti!" Sikatai. Pengine plagi ya zamani ilikuwa imelegea, au uliongeza sauti kidogo. Na mtu akishatoa laki tano, sikio lake halikubali kwamba limeliwa. Mwambie mwanao abadilishe nyaya mara kumi nyuma ya pazia, asikuambie upi ni upi, uone utapatia mara ngapi.

Kuna mvumo? Chomoa waya wa king'amuzi. Ukikoma, chomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja. Waya wa ethi usiukate, hata ushauriwe na nani. Mvumo ukibaki baada ya kuchomoa kila kitu, huenda kapasita zimechoka. Umeme ukishuka jioni, tafuta stebilaiza. Besi haipo? Hakikisha chanya na hasi za spika hazijapishana, kisha sogeza spika karibu na ukuta.

Waya wa umeme badilisha ukichubuka au ukipata joto mkononi. Hapo usingoje kesho, maana unaweza kuunguza nyumba.