Muda wa Madaraka ya CAG na Utaratibu wa Kumwondoa

Watahiniwa wengi huchanganya mambo mawili: muda wa kushika madaraka na kuondolewa madarakani. Muda huonesha ni lini kiongozi ataondoka bila kosa lolote. Kuondolewa huhitaji sababu, na mtu wa kuithibitisha. Tumtazame Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG).

Chukua Tarime. Halmashauri ya Wilaya hupokea ushuru wa huduma kutoka mgodi wa dhahabu wa North Mara, Nyamongo. Fedha hizo zikiliwa, zahanati haijengwi. Mwenye jukumu la kukagua hesabu za halmashauri ni CAG, naye hawezi kusema kweli ikiwa anahofia kibarua chake.

Ndiyo maana Ibara ya 144 ya Katiba ya mwaka 1977 inamlinda. Ataacha kazi akitimiza miaka 60, au umri mwingine utakaotajwa na sheria ya Bunge. Kabla ya hapo anaweza kuondolewa kwa sababu kama kushindwa kazi kwa maradhi au tabia mbaya, na lazima kwanza tume ichunguze. Mwenyekiti wa tume hiyo na angalau nusu ya wajumbe wengine huwa majaji au waliowahi kuwa majaji.

Sasa soma kifungu cha 6(1) cha Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya mwaka 2008: miaka 5, inayoweza kuongezwa mara moja. Katiba inataja umri. Sheria inataja kipindi. Nani anaongeza? Rais, mkuu wa Serikali ileile inayokaguliwa!

Novemba 2019 Profesa Mussa Assad aliondoka baada ya miaka 5, hajatimiza 60, bila tume kuundwa. Nafasi yake ilichukuliwa na Charles Kichere. Zitto Kabwe alifungua shauri, na Desemba 2022 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuondolewa huko kulikiuka Katiba, na kwamba kifungu cha 6(1) kinapingana nayo. Hapa taja Ibara ya 64(5): sheria ikikiuka Katiba, Katiba ndiyo yenye nguvu.

Usiandike kwamba kipindi maalumu ni kibaya chenyewe. Kenya, kwa Ibara ya 229, Mkaguzi Mkuu hukaa miaka 8 na hateuliwi tena, hivyo hana cha kumbembeleza mtu.

Swali: “Kipindi kinachoweza kuongezwa ni hatari zaidi kwa mkaguzi kuliko kipindi kimoja kirefu.” Jadili. (Alama 15)