TOFAUTI ZA DISKI ZA KUREKODI NA HIFADHI YA KUMBUKUMBU

Watumishi wa Serikali na wananchi wanafahamishwa kwamba diski za kurekodi, ingawa zafanana kwa sura, hazifanani kwa kazi. Aliyehifadhi hati ya kiwanja au kumbukumbu za utumishi katika diski isiyofaa aweza kukosa ushahidi siku ya kudai haki yake.

Aina ya kwanza ni diski zenye herufi R. Ndani ya CD-R, DVD-R na DVD+R mna tabaka la rangi linalounguzwa kwa mwale wa leza, na kilichokwisha kuandikwa hakiandikiki upya. CD-R, ambayo kanuni zake zilitolewa na Philips na Sony mwaka 1988, huchukua megabaiti 700 hivi. DVD ya tabaka moja huchukua gigabaiti 4.7, na BD-R ya tabaka moja gigabaiti 25.

Alama ya kistari na ya kujumlisha katika DVD zilitokana na makundi mawili ya watengenezaji yaliyoshindana. DVD-R ilitangulia mwaka 1997, DVD+R ikafuata mwaka 2002. Baadhi ya mashine za zamani husoma moja na kuikataa nyingine. Zilizofuata husoma zote mbili.

Aina ya pili ni zenye herufi RW. Hizi hutumia madini mchanganyiko yanayobadilika hali kwa joto la leza, hivyo huweza kufutwa na kuandikwa upya mara 1,000 hivi. DVD-RAM hufikia mara 100,000. Zinafaa kwa rasimu na kazi za kila siku. Hazifai kwa hati ya kudumu, kwani mkono mmoja waweza kuifuta.

Ieleweke pia kwamba diski ya R sharti ifungwe baada ya kuandikwa. Isipofungwa, iliyoandikwa Kibimba, Wilaya ya Ngara, huenda isisomeke Chake Chake.

Adui wa tabaka la rangi ni jua, joto na unyevu, na visiwani hayo hayakosekani. Diski ishikwe ukingoni, isimamishwe wima ndani ya kasha lake, gizani, wala isibandikwe karatasi.

Katika Nyaraka za Taifa, Kilimani, Unguja, zimo hati za Kiarabu za karne ya 19 zinazosomeka kwa jicho tupu. Diski haina heri hiyo: bila mashine ni bubu. Kompyuta nyingi mpya hazina tena kisomeo chake, na Februari 2025 Sony iliacha kutengeneza diski za Blu-ray za kurekodi.

Kwa hiyo watumishi na wananchi wanashauriwa kuzikagua diski walizonazo mapema, kunakili yaliyomo katika vyombo viwili tofauti vinavyowekwa mahali pawili, na kutotupa karatasi asilia yenye sahihi na muhuri.