Fueli Iliyotumika na Lugha ya Maonyo: Mtazamo wa Modogashe

Fueli ya nyuklia inapoondolewa kinuni baada ya miaka michache ya kuzalisha umeme, haiwi jivu kama la kuni. Hutoka ikiwa hatari zaidi kuliko ilivyoingia. Huzamishwa kwanza katika bwawa la maji kwa miaka kadhaa ili ipoe, kisha hutiwa katika makasha mazito ya chuma na saruji. Hatua hizo mbili zimezoeleka. Utata umo katika ya tatu, yaani maziko ya kudumu. Plutoni-239 iliyomo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 24,000 hivi, muda unaozidi umri wa dola yoyote katika historia.

Kenya haina kinu cha umeme wa nyuklia. Mwaka 2019 ilitunga sheria ya kudhibiti nyuklia, na mwaka 2024 wenyeji wa Uyombo, Kilifi, waliandamana kupinga kinu kilichokusudiwa kwao. Mjadala umekuwa juu ya kinu. Mabaki hayatajwi sana. Afrika Kusini, yenye kituo cha Koeberg tangu 1984, ingali inahifadhi fueli yake iliyotumika palepale kituoni. Taka hafifu zaidi hupelekwa Vaalputs, katika nyika kame ya Namaqualand. Ukame na uchache wa watu ndivyo vinavyovuta macho ya wapangaji.

Kwa kipimo hicho Modogashe, mji wa Lagdera katika Garissa ulio njia panda ya Isiolo na Wajir, ungeonekana kufaa, ingawa haukuteuliwa kwa kazi hiyo. Mgeni huiona nyika hiyo tupu. Mfugaji haioni hivyo. Chini ya eneo hilo pana kuna hifadhi ya maji ya Merti, ambayo visima vya Habaswein hadi Dadaab huitegemea na ambayo huvuka hadi Somalia. Finland, kwa kulinganisha, imechimba maziko ya Onkalo zaidi ya mita 400 ndani ya mwamba mgumu mkongwe.

Hata mwamba ukipatikana, litabaki suala la lugha, nalo lawahusu wanafasihi kuliko wahandisi. Huko New Mexico, Marekani, ambako huzikwa mabaki ya utengenezaji wa silaha za nyuklia, wataalamu walitakiwa kubuni maonyo ya miaka 10,000. Walipendekeza lugha sita za Umoja wa Mataifa pamoja na Kinavajo, lugha ya wenyeji. Nyika ya Modogashe ingehitaji Kisomali, Kiborana na Kiswahili. Je, Kiswahili kipi? Hati ya Utendi wa Tambuka ni ya mwaka 1728. Haijatimiza miaka 300, lakini mwanafunzi wa leo haisomi bila faharasa, sembuse hati zake za Kiarabu. Hata Azimio la Modogashe la mwaka 2001, ambamo jamii za wafugaji ziliafikiana juu ya malisho, maji na silaha, lilihitaji kupitiwa upya mwaka 2005.

Picha nazo hazijitoshelezi. Alama ya mapanga matatu, iliyobuniwa Berkeley mwaka 1946, haikueleweka kwa wengi. Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki likabuni nyingine, yenye fuvu na mtu anayekimbia, likaijaribu katika nchi 11, Kenya ikiwemo, kabla ya kuitangaza mwaka 2007. Imekusudiwa kubandikwa kwenye vyombo vyenye mionzi mikali. Juu ya kaburi la fueli, mtu anayekimbia hamwelezi mchimba kisima akimbilie wapi, wala kwa nini maji yaliyo chini yasinywewe.