Rejeta Kwanza, Rangi Baadaye

Pita gereji za Ilala au Gerezani, Dar es Salaam, hutakosa kuiona: Land Rover 110 ya zamani, bodi imenyooshwa, rangi mpya ya kijani inang'aa, juu kuna keria lenye taa nne, ubavuni limefungwa koleo ambalo halijawahi kugusa udongo. Mwenyewe anasema anaiandaa kwa safari ya Kigoma kupitia Mbeya, Sumbawanga na Mpanda. Inama uchungulie chini. Chasisi imepakwa rangi nyeusi juu ya kutu, na mipira ya rejeta ni ile ile iliyokuja nayo kutoka mnadani. Mikumi itafika. Mlima Kitonga, sina hakika.

Watu huuliza kwa nini mtu ahangaike na mkweche wa miaka 30 wakati bandarini magari yanashushwa kila siku. Jibu moja ni sheria na ushuru. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Tanzania inaruhusu, ila gari kuukuu linatozwa ushuru wa ziada kwa uchakavu wake. Kwa hiyo anayetaka gari gumu la zamani hutafuta yale yaliyokwisha kuingia nchini, yaliyotumikia polisi, hifadhi za wanyama, misheni na miradi ya maji, kisha yakapigwa mnada. Jibu la pili ndilo lenye uzito zaidi kwangu: gari la namna hii linafunguka. Safari ndefu haihitaji gari lisiloharibika, maana halipo. Inahitaji gari ambalo likiharibika Mpanda, fundi wa Mpanda ataliweza.

Tuanze na kilichooza. Land Rover ya kwanza ilipoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, ndipo bodi ikatengenezwa kwa alumini. Mpaka 110 zinakuja, sehemu kubwa ya bodi ilikuwa bado ya alumini. Ndiyo maana mnunuzi anadanganyika: juu gari ni zima, chini limekwisha. Chasisi ni ya chuma, ina uwazi ndani, na matope pamoja na unyevu wa chumvi wa pwani huingia humo yakatulia. Kutu inaanza kula kutoka ndani. Chukua nyundo ndogo, gonga kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinajibu kwa sauti nzito isiyo na mlio, na pengine nyundo inazama. Angalia hasa boriti ya nyuma, mikono inayobeba bodi, na ule ukuta wa chuma kati ya injini na miguu ya dereva. Fundi wa kuchomelea atapenda kubandika kiraka juu ya kutu kwa sababu ni kazi ya nusu saa. Kataa. Kilichooza kikatwe chote mpaka chuma kizima kionekane, kisha liwekwe bamba lenye unene usiopungua ule wa chasisi yenyewe. Na waya za betri zitolewe kabla hajawasha mashine, la sivyo alteneta itakwenda na maji.

Sasa rejeta, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nadhani magari mengi ya zamani hufia hapa kuliko mahali pengine popote.

Injini ya 300Tdi, iliyoanza kufungwa kwenye Land Rover mwaka 1994, ni dizeli ya lita 2.5 yenye silinda nne na taabo. Bloku yake ni ya chuma, hedi ni ya alumini. Ikichemsha sawasawa mara moja tu, hedi inaweza kupinda, gasketi ikaungua, maji na oili vikakutana. Kitonga, kwenye barabara kuu kabla ya kufika Iringa, ni mtihani wa jambo hilo hasa: unapanda umebeba mzigo, nyuma ya lori linalotambaa, upepo hauingii mbele, na huna pa kulipita.

Mafundi wengi wa kwetu wana dawa yao. "Bosi, themostati ya nini huku kwenye joto?" Anaitoa, anaitupa. Tabia hii imeenea kiasi kwamba anayeipinga huonekana mgeni, lakini nitaipinga. Themostati haizuii tu maji mpaka injini ipate moto. Katika injini nyingi za aina hii, ikishafunguka huziba pia ile njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, sehemu ya maji inazunguka bila kupozwa, na mlimani ndipo utalipa. Kwenye tambarare za baridi, Makambako kwa mfano, injini haifikii joto lake, inachoma dizeli vibaya na kujisaga bure. Gari likichemsha, ugonjwa uko kwingine: rejeta imeziba, feni imechoka, pampu ya maji inavuja, au kizibo hakishiki presha. Kizibo hicho ni kitu cha bei ndogo na watu hukidharau, lakini maji yasiyo na presha huchemka mapema.

Basi rejeta ishushwe, ipelekwe kwa fundi rejeta, ifunguliwe na mirija izibuliwe. Mipira yote iwe mipya. Hedi ipelekwe kwa mchonga vyuma akapime kama imenyooka. Jaza kulanti, maana maji ya kisima yenye chumvi ndiyo yanayoharibu rejeta.

Taimingi belti hubadilishwa kwa vipindi vilivyowekwa na mtengenezaji, na mapema zaidi kwa gari linalokula vumbi. Kwa gari la mnadani usiulize limekwenda kilomita ngapi, badilisha. 300Tdi za mwanzo zilikuwa na kasoro ya mpangilio wa puli iliyokuwa ikitafuna belti, na vifaa vya kuirekebisha vilitolewa, hivyo hakikisha vimefungwa. Raha ya injini hii ni pampu yake ya dizeli, ambayo katika Land Rover nyingi za aina hiyo haitegemei kompyuta. Ikishawaka, inahitaji waya mmoja tu wa umeme ili iendelee kuunguruma. Td5 iliyoifuata mwaka 1998 ina nguvu, lakini inaendeshwa na kompyuta, na kompyuta hiyo ikigoma katikati ya Hifadhi ya Katavi, utakaa na mbung'o.

Wanaodhani nasifia bure waangalie ile Land Rover iliyoitwa Oxford. Mwaka 1955 vijana sita wa vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge walitoka London na Land Rover mbili, wakafika Singapore mwaka 1956. Oxford iliishia kisiwa cha Saint Helena, katikati ya Bahari ya Atlantiki. Ikapatikana, ikarudishwa Uingereza, ikafungwa upya, na mwaka 2019 ikaendeshwa kutoka Singapore hadi London. Tim Slessor, aliyekuwemo katika safari ya kwanza, aliugua wakati wa kuondoka, mjukuu wake akashika nafasi yake. Gari lililofungwa kwa bolti linafunguliwa kwa spana, hata baada ya miaka 60.

Yaliyobaki ni ya haraka. Beringi za magurudumu na mipira ya breki iwe mipya. Ringi ziwe za chuma, na tairi za 7.50-16 zenye tyubu, kwa kuwa saizi hiyo hufungwa pia kwenye malori madogo na kila mji wenye malori una fundi pancha. Safisha tangi la dizeli na weka chujio la kutenga maji. Mzigo mzito uwe chini, ndani: madumu kumi ya lita 20 za maji ni kilo 200, na kilo 200 juu ya keria zitakupindua kwenye kona.

Kisha pakia kila kitu utakachobeba, nenda Morogoro na urudi. Ukisimama, gusa habu za magurudumu manne kwa mkono. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, kuna beringi iliyokazwa mno au breki inayong'ang'ania.

Na kabla hujamlipa fundi hela ya mwisho, mwombe akufundishe mambo matatu: kubadilisha feni belti, kutoa upepo kwenye njia ya dizeli, na kuchomoa ekseli ya nyuma iliyokatika bila kutoa tairi. Land Rover inakubali yote matatu kwa spana za kawaida. Akikataa, na wewe kaa na hiyo hela mpaka akubali.